Mbwa wako akimng'ata mtu, nani atalipa? Bima ya mpangaji Marekani kwa lugha nyepesi

Mpangaji mwenye mbwa nchini Marekani hutozwa mengi kwa jina la mbwa huyo. Siku ya kuhamia anatoa amana ya mnyama. Kila mwezi anaongezewa kodi ya mnyama. Na siku hizi majengo mengi makubwa ya kupangisha huweka mstari mwingine kwenye ankara, dola kumi au kumi na tano hivi, wenye neno bima au dhima ndani yake. Ndiyo maana ukimuuliza mtu mbwa wake akimng'ata mtoto wa jirani nani atabeba gharama, hakawii kujibu kwamba hilo ameshalilipia.

Swali hili halitulii miongoni mwa Waswahili wanaoishi kule, kuanzia Wakenya wa Minneapolis na Watanzania wa Houston hadi familia za Wakongomani zilizopokelewa kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma. Wapo wanaofuga mbwa kwa mara ya kwanza kwa sababu watoto wamewaomba. Wapo wanaokutana na mbwa wa watu kila siku kwa sababu kazi yao ni kupeleka vifurushi na chakula milangoni. Wote wanahitaji kuelewa jambo moja ambalo ofisi ya majengo haitawaeleza: katika malipo hayo matatu, huenda hakuna hata moja linalomlinda mwenye mbwa. Kinachomlinda ni bima aliyoikata yeye mwenyewe, tena baada ya kuhakikisha kwamba mbwa wake hajatolewa ndani ya mkataba wake.

Tuanze na maneno

Dhima ni wajibu wa kisheria wa kulipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine. Ukimwaga maji yakashuka hadi kwa jirani wa chini yakaharibu kompyuta yake, unaweza kuwa na dhima. Mbwa wako akimjeruhi mpita njia, vilevile.

Bima ya mpangaji ni mkataba unaoukata wewe na kampuni ya bima, na ndani yake mna mambo manne. La kwanza ni vitu vyako: nguo, televisheni, samani, vikiungua au vikiibwa. La pili ni gharama za kuishi mahali pengine nyumba ikishindwa kukalika. La tatu ni dhima yako kwa watu wengine. La nne ni fedha kidogo za matibabu ya mgeni aliyeumia kwako, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 5,000, zinazotolewa bila kuuliza kosa lilikuwa la nani. Kwa wapangaji wengi yote haya hugharimu kati ya dola 10 na 25 kwa mwezi.

Watu wengi hukata bima hii kwa kufikiria lile la kwanza, vitu. Kisha wanajiuliza: nina nini hapa cha thamani hadi nikikatie bima? Kitanda nilikipata kanisani, kochi nimeachiwa. Hapo ndipo wanapokosea, maana sehemu yenye uzito mkubwa ni ile ya tatu. Aliyewahi kuwa na gari Tanzania anaijua tofauti ya bima kubwa na bima ndogo. Bima ndogo haitengenezi gari lako. Inamlipa yule uliyemgonga. Sehemu ya dhima katika bima ya mpangaji ndiyo hiyo bima ndogo. Haikulipi wewe chochote mkononi. Inamlipa uliyemdhuru, ili asije kuchukua akiba yako na mshahara wako.

Kiwango cha kawaida cha dhima ni dola 100,000, na kampuni nyingi hukuruhusu kukipandisha hadi 300,000 au 500,000 kwa nyongeza ndogo ya ada. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwenye dhima hakuna kile kiasi unachotakiwa kujigharamia mwenyewe kwanza kama ilivyo kwenye vitu. Dai likikubaliwa, kampuni inalipa tangu dola ya kwanza hadi ukomo wako.

Malipo matatu yanayochanganywa

Amana ya mnyama ni ya mwenye nyumba. Mbwa akichana zulia, akikwaruza mlango au akiacha harufu isiyotoka, fedha hiyo inatumika kutengeneza. Kodi ya mnyama ya kila mwezi ni pato la mwenye nyumba basi, na haikuahidi chochote.

Hilo la tatu ndilo linalowapoteza wengi. Majengo mengi yana masharti kwamba kila mpangaji awe na dhima ya angalau dola 100,000. Asiyeleta uthibitisho wa bima yake anaingizwa moja kwa moja kwenye mpango wa majengo yenyewe na kukatwa kila mwezi. Mipango hii kwa kawaida hulinda jengo. Ukisahau sufuria jikoni moto ukashika kabati, au beseni la kuogea likafurika likaharibu dari ya chini, mpango unalipia matengenezo ya mwenye nyumba. Vitu vyako havimo. Mtu aliyeng'atwa na mbwa wako kwenye ngazi, mara nyingi naye hayumo. Mtu anaweza kulipa mpango huo miaka na miaka akiamini ana bima, kumbe alikuwa akiilinda mali ya mwingine. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa fedha ileile, au kwa nyongeza ya dola chache, angeweza kuwa na bima yake kamili.

Na bima ya mwenye nyumba je? Hiyo inalinda jengo lake na dhima yake yeye. Kwa jumla, mwenye nyumba hawajibiki kwa mbwa wa mpangaji isipokuwa alijua kwamba mbwa huyo ni hatari na alikuwa na uwezo wa kumwondoa akanyamaza. California walishaliweka wazi hilo mahakamani tangu mwaka 1975. Hata pale mwenye nyumba anapowajibika, bima yake haikuwekei wewe wakili wala haikulipii deni.

Ofisi ya majengo ikikutaka uandike jina lake kwenye bima yako, usidhani kwamba nayo imeingia kukusaidia. Mara nyingi inaandikwa ili iarifiwe tu endapo utaacha kulipa.

Sheria inasemaje mbwa akiuma?

Katika hili Marekani si nchi moja. Kila jimbo lina sheria yake, na kwa ujumla kuna njia mbili za kulitazama jambo hili.

Njia ya kwanza inasema: mbwa ni wako, ameuma, lipa. Haijalishi kwamba hajawahi kuuma, wala kwamba ulikuwa mwangalifu. Minnesota wanafuata njia hii. Sheria yao inamwajibisha mwenye mbwa pale mbwa anaposhambulia bila kuchokozwa mtu aliyetulia mahali anaporuhusiwa kuwapo, na mtu anayemfuga au kumhifadhi mbwa huyo naye huhesabiwa humo. Maana yake, ukimhifadhia rafiki yako mbwa wakati amesafiri kwenda Nairobi kuzika, unaweza kuwajibika wewe uliyebaki naye. California nao wana sheria ya aina hii.

Njia ya pili inauliza: mwenye mbwa alijua? Texas hawana sheria ya bunge inayomfanya mwenye mbwa alipe moja kwa moja. Mahakama zao zinaangalia kama mwenye mbwa alijua au alipaswa kujua kwamba mnyama wake ana tabia ya hatari, au kama alifanya uzembe wa kawaida, mathalani kumwachia nje bila kamba. Kesi inayotajwa sana huko, ya mwaka 1974, wala haikuhusu mbwa. Ilihusu nguruwe dume mkali aliyemng'ata jirani mkono. Kanuni ikatoka kwa nguruwe ikawaangukia mbwa.

Watu huifupisha njia hii ya pili kwa kusema kwamba mbwa ana ruhusa ya kuuma mara moja bure. Si kweli. Kuna dalili nyingi za kujua kabla ya jino la kwanza kumfikia mtu: mbwa aliyemrukia mleta barua akarudishwa na kamba, ujumbe wa jirani kwenye simu yako kwamba mbwa wako anamtisha mwanawe, onyo la maandishi kutoka ofisi ya majengo. Vyote hivyo vinaweza kuletwa mahakamani. Hata kibao cha "Mbwa mkali" ambacho nyumbani kwetu kinawekwa getini kwa nia njema, mwanasheria wa aliyeumia anaweza kukinyanyua na kusema: tazameni, alijua.

New York walikuwa na msimamo mkali wa njia hii ya pili kwa muda mrefu: pasipo kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua tabia mbaya ya mbwa wake, aliyeumia hakuweza kupata zaidi ya gharama za matibabu. Aprili 2025 Mahakama ya Rufaa, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika jimbo hilo, ilibadilisha msimamo katika kesi ya mpeleka barua aliyeng'atwa akiwa kazini. Sasa aliyeumia anaweza pia kudai kwa msingi wa uzembe wa kawaida. Kwa wapangaji wa Bronx au Buffalo wenye mbwa, mlango wa kudaiwa umepanuka, na majibu ya zamani yanayozunguka kwenye simu hayafai tena.

Siku yenyewe inavyokuwa

Tuseme unaingia na mifuko ya sokoni, mlango umeachwa wazi kidogo. Mbwa anapenya miguuni mwako anatoka kwenye korido. Binti wa jirani mwenye miaka minane ananyoosha mkono amguse, mbwa anamng'ata kiganja. Damu, kilio, mama yake anatoka mbio.

Nyumbani, jambo kama hili mara nyingi linaishia kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa wazee. Mwenye mbwa analipia sindano, anaomba radhi, wanapeana mikono. Kwa hiyo moyo wa mtu aliyelelewa vizuri unamtuma aseme palepale: dada, kosa ni langu, nitalipa kila kitu. Wengine huandika na karatasi kabisa. Ni uungwana, lakini mikataba ya bima ina kipengele kinachosema kwamba ahadi au malipo uliyoyatoa kwa hiari yako, ukiacha huduma ya kwanza, ni juu yako mwenyewe. Mfunge mtoto jeraha, mpeleke hospitali, mpe pole, kesho yake nenda ukamjulie hali. Mambo ya nani atalipa nini yaachie kampuni. Mpe mama mtoto jina la kampuni yako ya bima na namba ya mkataba. Huko si kumkwepa. Kumbuka mfuko wa kampuni ni mrefu kuliko wako, na ndiko fidia yake iliko.

Hospitali mara nyingi hutoa taarifa kwa mamlaka za afya au za wanyama, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Utaulizwa cheti cha chanjo. Mbwa mwenye afya huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Kama ana chanjo, mara nyingi anaruhusiwa kukaa nyumbani kwako. Mbwa asipojulikana alipo, mtoto huenda akaanzishiwa tiba ya kinga: dawa ya kingamwili pamoja na chanjo dozi nne ndani ya wiki mbili, tiba inayogharimu maelfu ya dola. Ndiyo maana kumficha mbwa ni kosa juu ya kosa.

Kisha unaipigia kampuni ya bima, siku hiyo au kesho yake. Afisa wa madai atakuuliza maswali na huenda akarekodi: mbwa ni wa aina gani, unaye tangu lini, amewahi kuuma, mlango ulikuwaje, mtoto alikuwa wapi. Jibu ukweli, na usikisie usichokiona. Kama jeraha ni dogo, zile fedha za matibabu ya wageni zinaweza kulimaliza jambo bila mzozo wowote. Kama ni kubwa, familia itadai kupitia sehemu ya dhima. Ikifika mahakamani, jina kwenye karatasi litakuwa lako, na hapo wengi hushtuka wakidhani wanafungwa. Hii ni kesi ya madai ya fedha. Kampuni inakuwekea wakili na kumlipa. Utetezi huo ni nusu ya thamani ya bima hii, na kwa kawaida gharama zake hazipunguzi kile kiwango cha dola 100,000.

Fedha zenyewe ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa takwimu za Taasisi ya Taarifa za Bima ya Marekani, mwaka 2023 kampuni za bima za nyumba zililipa kiasi cha dola bilioni 1.12 kwa madai yapatayo 19,000 ya majeraha yaliyotokana na mbwa. Wastani wake unazidi dola 58,000 kwa dai moja. Wastani huo unapandishwa na bei za hospitali za Marekani, upasuaji wa kurekebisha sura, maana watoto hung'atwa sana usoni, na makovu ambayo mtu atakaa nayo maisha yake yote. Mishipa ya mkono ikikatika, kuna pia mshahara alioukosa mtu kwa miezi.

Asiye na bima analipa mwenyewe. Katika majimbo mengi, aliyeshinda kesi anaweza kuomba mshahara wa mdaiwa ukatwe. Sheria ya shirikisho inaweka ukomo wa asilimia 25 ya kinachobaki baada ya makato ya lazima. Kwa anayetuma fedha nyumbani kila mwezi, robo hiyo ni karo ya mtu.

Soma kama mbwa wako yumo

Mtu anaweza kuwa na bima nzuri na bado asilipiwe. Kampuni nyingi zina orodha ya aina za mbwa ambazo hazitaki: pit bull, Rottweiler, Doberman, Akita, Chow Chow, mbwa chotara wa mbwa mwitu, na kwingine hata German Shepherd, mbwa wa aina inayotumiwa sana na polisi. Baadhi hukataa kukuuzia bima, baadhi hukuuzia lakini wanaandika kwamba watu waliojeruhiwa na mbwa hawalipiwi. Nyingine zinakubali mbwa yeyote ila zinaweka ukomo mdogo kwa majeraha ya wanyama, kwa mfano dola 25,000, hata kama juu kabisa pameandikwa 100,000. Dai likiwa la dola 60,000, kampuni inatoa 25,000 na wewe unabaki na 35,000 shingoni. Zipo pia kampuni zisizoangalia aina kabisa; zinauliza tu kama mbwa huyo aliwahi kuuma. Mwaka 2021 Nevada na New York zilipitisha sheria za kuzuia kampuni za bima kumhukumu mbwa kwa aina yake peke yake, lakini majimbo mengi bado yanaruhusu.

Hivyo usitosheke na ukurasa wa kwanza wa mkataba wenye zile namba kubwa. Shuka chini hadi sehemu inayoorodhesha yasiyolipiwa na viambatisho vyake, utafute neno mbwa au mnyama. Usipoelewa, andika barua pepe, si simu: mbwa wangu ni wa aina fulani, je, akimjeruhi mtu, dhima inalipa, na ukomo wake ni kiasi gani? Jibu la maandishi litunze.

Kuna ushauri mmoja unaopita midomoni mwa watu ambao naupinga kabisa: ule wa kusema huna mbwa, au kumwandika pit bull kuwa ni mchanganyiko wa Labrador, ili ada iwe ndogo. Siku ya dai kampuni inaangalia kumbukumbu za daktari wa mifugo, leseni ya mji, hata picha ulizoziweka mtandaoni. Wakikuta ulidanganya kwenye fomu, wanaweza kukataa kulipa na kuufuta mkataba tangu mwanzo. Utakuwa umelipa ada zote hizo bure, na mtoto wa watu hajapata fidia.

Barua ya mnyama wa msaada wa kihisia, yaani ya mtaalamu wa afya inayosema kwamba mtu anamhitaji mnyama huyo kwa sababu ya afya yake, nayo imezua mkanganyiko wake. Chini ya sheria ya makazi ya haki, barua halali inaweza kukuondolea amana na kodi ya mnyama, na kwa kawaida mwenye nyumba hawezi kukukatalia kwa sababu ya aina ya mbwa peke yake. Haikuondolei dhima. Mbwa wa msaada akimng'ata mtu, mwenye mbwa anawajibika kama mwingine yeyote.

Mbwa akishauma mara moja, mambo hubadilika. Kampuni inaweza kukataa kuhuisha mkataba au kumwondoa mbwa huyo kwenye mkataba. Mamlaka nazo zikimtangaza rasmi kuwa mbwa hatari, baadhi ya majimbo humlazimisha mwenye mbwa kuwa na bima au dhamana nyingine ya fedha: angalau dola 100,000 Texas, na 300,000 Minnesota.

Wanaolindwa na wasiolindwa

Dhima inakufuata nje ya nyumba. Mbwa akimng'ata mtu kwenye bustani ya mji, au ukiwa safarini jimbo jingine, mkataba wa kawaida bado unafanya kazi.

Lakini haiwalipi watu wa ndani. Mwanao aking'atwa na mbwa wenu, kimbilio ni bima ya afya. Ndugu zako unaoishi nao kwa kawaida wanahesabiwa wamo kwenye mkataba wako pamoja nawe, kwa hiyo hawawezi kuudai. Rafiki mnayechangia kodi ni mtu mwingine: bima yako haimlindi yeye wala mbwa wake mpaka jina lake liandikwe. Na ukiwa unazalisha watoto wa mbwa na kuwauza, au unatunza mbwa wa watu kwa malipo, hiyo ni biashara. Bima ya mpangaji huikataa biashara, na utahitaji mkataba mwingine.

Wengi hujituliza kwa kusema wageni wao ni ndugu na marafiki, hawawezi kuwashtaki. Huenda ni kweli kwamba hawataki. Ila bima ya afya ya huyo rafiki, ikishalipa hospitali, inaweza kumrudia mwenye mbwa kudai fedha zake, na haimuulizi rafiki kama anapenda. Pengine rafiki mwenyewe hana bima ya afya, amebaki na ankara ya dola elfu kumi na anaona haya kukuambia. Kumwelekeza kwenye bima yako ndiyo heshima. Anayelipa ni kampuni, na urafiki wenu unabaki salama kuliko mkikaa kimya.

Ukiwa wewe ndiye uliyeng'atwa

Shirika la Posta la Marekani lilihesabu wafanyakazi wake zaidi ya 5,800 walioshambuliwa na mbwa mwaka 2023, na hapo hawajahesabiwa madereva wa kampuni binafsi, wapeleka chakula na wauguzi wa majumbani, kazi ambazo watu wetu wengi wanazifanya.

Aliyeajiriwa rasmi akaumia kazini huangaliwa kwanza na bima ya wafanyakazi ya mwajiri wake, na bado anaweza kuwa na dai dhidi ya mwenye mbwa. Anayefanya kazi kwa programu za simu kama mkandarasi wa kujitegemea mara nyingi hana bima hiyo. Kwake, bima ya mwenye mbwa ndiyo tegemeo kubwa. Usiseme kwamba huyu ni mpangaji tu, hana kitu. Huenda ana mkataba wa dola 100,000 ambao hata yeye amesahau kwamba anao, kwa sababu majengo yalimlazimisha kuukata. Muulize. Chukua jina lake na namba ya nyumba, piga picha jeraha na mahali palipotokea, nenda hospitali siku hiyohiyo, toa taarifa kwa idara ya wanyama ya mji, weka kila risiti. Afisa wa kampuni akikupigia na hundi ya haraka kabla hujapona, usitie saini. Ukishasaini umefunga dai lote, hata kidole kikija kugoma kukunja baadaye. Mawakili wengi wa majeraha hawachukui fedha mbele. Wanakata sehemu ya fidia ikipatikana, na mazungumzo ya kwanza ni bure.

Wapo wanaoogopa kudai kwa sababu ya makaratasi yao ya uhamiaji. Fidia ya bima binafsi si msaada wa serikali, na hali ya uhamiaji peke yake haimnyimi mtu haki ya kulipwa kwa kuumizwa.

Muda wa kufungua kesi una mwisho. California na Texas ni miaka miwili tangu siku ya kung'atwa, New York ni mitatu. Kwa mtoto, katika majimbo hayo matatu, hesabu ya miaka kwa kawaida inasubiri mpaka afikishe miaka 18, ingawa mzazi anayetaka kurudishiwa gharama za matibabu alizozitoa yeye asingoje hadi hapo.